Macho ya Bi Halua

Msomaji mwenzangu unayeishi na mama mkwe mwenye kisukari, sogea tukae barazani, maana haya huwezi kumweleza mtu ambaye sukari ya nyumbani kwake inakaa wazi mezani. Sukari ya kwangu, hapa Makorora, inahama. Leo iko ndani ya kopo la unga wa sembe, kesho iko juu ya kabati nyuma ya sanduku la kanga, keshokutwa unaikuta kwenye begi la shule la binti yangu, ambaye tunamwita Katibu kwa sababu hakuna neno linalosemwa nyumbani asiliandike. Anayeihamisha ni mke wangu, Hakimu. Anayeifuata huko inakokwenda, nadhani kwa harufu tu, ni mama yake mzazi, Bi Halua.

Jina hilo alipewa na wajukuu, naye analipenda. Ukimwita kwa jina la kwenye kadi ya hospitali anageuka kutazama nani mwingine kaingia. Kisukari chake kiligundulika zaidi ya miaka kumi iliyopita, wakati alipokuwa akimaliza mtungi wa maji peke yake na kuamka usiku kucha kwenda msalani, huku Mjomba Kimanumanu, mdogo wake, akishikilia kwamba ni joto la kaskazi. Tangu kadi ile iandikwe, Bi Halua hajawahi kukosa kliniki ya sukari. Siku hiyo anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anajifukiza udi, anavaa buibui la kutokea, na saa moja asubuhi yuko kwenye benchi. Wagonjwa wanatobolewa kidole, wanapimwa presha, wanapewa vidonge, na katikati ya hayo wanasutana kwa yaliyoliwa kwenye harusi ya Jumamosi. Kliniki ndiyo jamii yake. Wapo pale watu anaowajua kuliko majirani wa mtaa huu.

Kwa hiyo usije ukamdhania mzembe. Ndiyo maana jambo la macho lilitutatiza sana. Mama huyu, asiyekosa siku yake wala kidonge chake, alikuwa amekaa miaka yote hiyo bila kuangaliwa nyuma ya jicho hata mara moja. Karatasi za kwenda chumba cha macho aliandikiwa. Kila karatasi aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaileta nyumbani, akaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya kiwanja cha marehemu baba mkwe huko Muheza, kadi yake ya kupigia kura na picha ya Hakimu akiwa mchanga. Aliyezigundua ni Katibu. Alikuwa anatafuta sukari.

"Mama, hizi karatasi za nini?" Hakimu akauliza.

"Za macho."

"Na mbona ziko humu?"

"Nimeziweka zisipotee."

Ndivyo ilivyoanza kesi ambayo ilipita msimu wa mvua na ukafika msimu wa machungwa haijakatwa. Utetezi wa Bi Halua ulikuwa mmoja: anaona. Na kweli anaona. Anatunga uzi kwenye sindano chini ya taa hafifu. Akiwa barazani anaitambua bajaji inayokata kona kule mwisho wa mtaa na kukutajia waliomo ndani na walichonunua. Ukimpeleka kule Deep Sea kununua samaki, anamwona changu aliyelala kabla muuzaji hajamgeuza. "Macho yangu hayaumi, baba," akaniambia. "Nikawasumbue madaktari kwa jicho lisilouma?"

Hapo ndipo mtego ulipo, na laiti ningeweza ningesimama kwenye kila kliniki ya sukari ya pwani hii nikaliseme kwa kipaza sauti. Ugonjwa huu wa jicho hauumi. Sukari ikikaa juu kwa miaka inadhoofisha mishipa midogo ya damu kwenye retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kutupatia picha ya tunachokitazama. Mishipa inatoa vivimbe vidogo, inavuja, mingine inaziba. Sehemu zilizokosa damu zinachochea kuota kwa mishipa mipya, nayo ni dhaifu, inapasuka kirahisi na kumwaga damu ndani ya jicho. Mengi ya haya yanaendelea huku mtu bado anatunga uzi. Akianza kuona ukungu au nyuzi nyeusi zinazoelea, mara nyingi maradhi yamekwenda mbali. Kwa hiyo mwenye kisukari cha ukubwani anatakiwa aangaliwe tangu kinapogundulika, kisha kila mwaka, aone vizuri asione vizuri. Yakikutwa mapema yapo ya kufanya: kuishusha sukari na presha, na kwa wanaohitaji, mionzi ya leza au sindano za dawa. Leza hulinda mwanga uliobaki. Uliokwisha potea mara nyingi haurudi.

Yote haya nilimweleza kwa utaratibu, nikiwa nimekaa chini yeye yuko kitini, kama inavyotakiwa mkwe akizungumza na mama wa mkewe. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Ahsante, baba," akasema, "Mungu akuzidishie elimu." Kisha akamwuliza Katibu kama mbaazi zimeiva.

Ilipofika zamu ya Hakimu, aliingia na sauti yake ya darasa la nne. Hakimu ni mwalimu, na wanafunzi wake wakimsikia anakohoa tu wanakaa sawa. Mama yake hakai sawa. "Nilikuzaa mimi," anamwambia, na kesi inaahirishwa.

Wakati huo akatokea Mjomba Kimanumanu na suluhisho. Mjomba ni shabiki wa African Sports tangu utotoni, ndiyo asili ya jina lake, na dada yake ni wa Coastal Union, kwa hiyo nyumba hii ina historia yake ya vita kabla hata ya sukari. Mwaka 1988, Coastal walipochukua ubingwa wa Tanzania, hautajwi mbele yake wakati wa kula. Basi Mjomba, kwa moyo safi kabisa, akampeleka dada yake Ngamiani kwa kijana anayetembeza miwani kwenye ubao. Akajaribishwa hii, akajaribishwa ile, hadi akayasoma maandishi ya kanga ya mwanamke aliyekuwa akipita. Wakalipa, wakarudi. Kuanzia hapo kila ukitaja macho jibu lilikuwa tayari: "Nilishapima." Miwani ile aliivaa hata kwenye kuchambua mchele, na nyumba nzima ikatulia kwa miezi kadhaa.

Nimekuja kujua kwamba nyumba nyingi zimetulia hivyo hivyo. Mtu amesoma herufi ukutani, kapewa miwani, anaamini amemaliza. Miwani inamsaidia mtu kusoma. Kilicho kwenye retina haikioni, wala anayeiuza hajakiona. Kukiona kunataka mboni ipanuliwe kwa dawa ya matone, kisha daktari amulike ndani, au kamera maalumu ipige picha ya retina yenyewe.

Sasa nikutajie shemeji yangu, Redio Mbao. Anakaa Chumbageni na kila Ijumaa baada ya sala anakuja na taarifa ya habari. Ijumaa moja taarifa ilikuwa kwamba kuna mama huko Pongwe kaenda kupima macho, akachomwa sindano ndani ya jicho, karudi haoni. Bi Halua aliposikia sindano ndani ya jicho aliweka kikombe chini. Usiku ule hakula. Hakimu alimfuata dada yake hadi getini wakazungumza maneno ambayo Katibu aliyaandika na mimi nikayafuta.

Sindano ya jicho ipo, lakini ni tiba, inatolewa jicho likiwa limetiwa ganzi, na hapewi mtu aliyekwenda kupima tu. Nilipodadisi zaidi, yule mama wa Pongwe alikuwa amekwenda hospitali akiwa haoni tayari, damu imeshajaa jichoni. Alichelewa, tiba haikumrudishia alichopoteza, na mtaani hadithi ikageuzwa: kaingia anaona, katoka kipofu. Wanaosikia hivyo nao wanakaa nyumbani mpaka wachelewe. Nakuambia, hofu hii nimeiona kwa macho yangu ikimnyima chakula mtu ninayempenda, na hakuna karatasi ya hospitali inayoweza kuijibu.

Hata hofu ingekwisha, bado kulikuwa na suala la nani ampeleke. Matone yale yakishapanua mboni, mtu anaona ukungu kwa saa kadhaa na mwanga unamchoma. Mama wa umri ule hawezi kurudi peke yake. Lazima apate mtu, na hapo ndipo nyumba yangu inaposambaratika. Hakimu ana mitihani. Mimi nina duka la vipuri vya baiskeli Ngamiani, na katika mji huu unaoendesha baiskeli hivi, duka likifungwa asubuhi wateja wanahamia kwa jirani na wengine hawarudi. Mwanangu Mhandisi, wa darasa la sita, alijitolea kwa furaha, lakini sababu yake ilikuwa kuiona ile mashine ya macho kwa ndani, na mtoto huyu pasi yetu ya umeme aliifungua ikabaki skrubu nne ambazo hadi leo hatujui zilikuwa za wapi. Ikaja Ramadhani. Ukaja msiba Pangani. Ikaja harusi Mkinga, na kwenye harusi Bi Halua ndiye mpishi mkuu. Halafu jumlisha nauli ya bajaji ya watu wawili kwenda na kurudi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na ni sera njema, lakini nauli ya mzee na ya anayemsindikiza bado inatoka mfukoni mwa familia. Nami niko mjini. Mwenye mama yake Maramba anapanga safari ya siku nzima.

Maradhi yenyewe si ya nyumba chache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64. Wenzetu wa Kilimanjaro, chini ya hospitali ya KCMC ya Moshi, walianza mwaka 2010 mpango wa kuzunguka na kamera ya retina kwenye kliniki za kisukari za mkoa, ili picha imfuate mgonjwa alipo. Kati ya watu zaidi ya 3,000 waliopigwa picha kwa mara ya kwanza, zaidi ya mmoja kati ya wanne alikuwa na dalili za maradhi haya kwenye retina. Na hata hivyo wengi walioambiwa waende Moshi kwa uchunguzi zaidi hawakwenda. Kamera imewafikia, jibu wamepewa, bado safari imewashinda. Nilipoyasoma hayo nilimwona Bi Halua na kopo lake la biskuti.

Uingereza walifanya jambo moja lililonivutia. Tangu mwaka 2003 walijenga mpango wa nchi nzima wa kumwandikia barua kila mwenye kisukari kuanzia miaka 12, kumwita apigwe picha ya macho. Walipotazama takwimu za watu waliosajiliwa kuwa na upofu mwaka 2009 na 2010, kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini kisukari hakikuwa tena chanzo kikuu cha upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Huko mgonjwa anaitwa kwa jina lake na mlango anaoandikiwa anaujua. Hapa kwetu anayemwita Bi Halua ni mimi, na mimi naambiwa Mungu anizidishie elimu.

Basi siku moja, katikati ya juma, akaja Somo. Yeye na Bi Halua walichezwa unyago pamoja wakiwa wasichana, na wote wawili ni wa kliniki ileile ya sukari, ila Somo alikuwa hajaonekana benchini kwa muda. Aliingia akiwa ameshikwa mkono na mjukuu. Jicho lake la kulia halioni tena. Bi Halua akaagiza chai isiyo na sukari, akafunga mlango wa chumba, na Katibu akafukuzwa. Katibu akazunguka nyuma akakaa chini ya dirisha na daftari lake, na ndiyo sababu nina haya ya kukusimulia.

"Somo yangu," yule mgeni alisema, "hata mimi nilikuwa natunga uzi."

Kisha akamweleza asubuhi aliyoamka akadhani buibui kajenga utando kwenye chandarua. Akaufuta kwa mkono. Haukufutika. Akafuta tena. Alipofumba jicho moja ukaondoka, alipolifumbua ukarudi. Akakaa nao kimya wiki kadhaa kwa kuwaonea huruma wanawe, wasije wakahangaika na nauli. Alipokwenda, jicho la kulia lilikuwa limeshaharibika, na la kushoto likaokolewa kwa leza. "Sikusikia maumivu," akasema. "Niliona mwanga mkali, basi. Maumivu ni haya ya kushikwa mkono nikienda msalani."

Bi Halua alitoka chumbani baada ya kumsindikiza mwenzake, akaja moja kwa moja jikoni alikokuwa Hakimu. "Macho ni siku gani?" akauliza.

Hakimu akanitazama. Mimi nikamtazama Hakimu. Hotuba zangu zote na hukumu zake zote zilikuwa zimeshindwa na mwanamke mmoja na kikombe cha chai chungu, na kwa kweli nilifurahi. Baadaye nikasoma kwamba huko Kirinyaga, Kenya, watafiti wakiongozwa na Nyawira Mwangi walilijaribu jambo hilihili kwa mpango kamili: kwenye vikundi vya watu wenye kisukari, wanachama wenyewe walifundishwa kuwahimiza wenzao kupima macho, na kwenye vikundi hivyo wengi zaidi walikwenda kuliko kwenye vikundi vingine. Sikushangaa hata kidogo. Mwenye maradhi anamwamini mwenye maradhi.

Siku ya kwenda nilifunga duka asubuhi nikampeleka, kwa makubaliano kwamba saa sita Mjomba angepokea zamu. Alisoma herufi kwanza, akazisoma vizuri akanitazama kwa ushindi. Muuguzi akamtia matone, yakamwasha kidogo, tukasubiri, akatiwa mengine. Mboni zikapanuka hadi weusi ukakaribia kujaa jicho. Akawekewa kidevu kwenye mashine, mwanga ukapiga, picha ikatokea kwenye kioo cha kompyuta: duara la rangi ya machungwa lenye mishipa myekundu inayosambaa. Akaisogelea, lakini kwa matone yale aliona ukungu tu, basi daktari akamwelekeza kwa maneno kila kilichokuwepo. Bi Halua akauliza kama jicho hilo ni lake kweli, kisha akataka aelezwe na la pili.

La pili, la kushoto, lilikuwa na vidoa vidogo vyekundu. Daktari akamwambia kwa upole kwamba mishipa imeanza kudhurika lakini sehemu ya katikati, ile ya kuonea vizuri, iko salama. Leza haihitajiki sasa. Sukari ishuke, presha ishuke, arudi kwa tarehe atakayopewa. Bi Halua alikaa kimya. "Na hivi vidoa," akauliza, "vilikuwepo nikitunga uzi?" Daktari akasema ndiyo, mama. Akanishika mkono, jambo ambalo kati ya mkwe na mama mkwe si la kila siku, na hakuuachia hadi Mjomba alipofika.

Ya baada ya hapo nimeyapata kwa mahojiano. Mjomba alimpakia dada yake kwenye bajaji, vizuri. Lakini njia yao ilipita Mkwakwani, na Mkwakwani siku hiyo Sports na Coastal walikuwa na mechi ya kirafiki. "Dakika mbili tu, dada." Wakaketi. Mama mwenye mboni zilizopanuka akajifunika kanga uso mzima kwa ajili ya jua, akawa anafuata mpira kwa masikio. Kila makelele yakipanda anauliza nani kafunga, na mdogo wake, akijua dada haoni rangi ya jezi, akamjibu kwa mapenzi yake. Kwa hesabu ya Mjomba, Sports waliifunga Coastal vibaya sana. Walirudi magharibi, Hakimu amesimama mlangoni, mimi nimezunguka Makorora yote kwa baiskeli nikiwatafuta. Mhandisi ndiye aliyeleta matokeo ya kweli kutoka kwa wenzake, na Bi Halua, huku bado anaona ukungu, alimrushia mdogo wake kandambili na haikumkosa.

Halua hajaiacha. Anaila kidogo na mbele za watu, na hayo ni maendeleo makubwa kwa nyumba hii. Dawa ya presha, aliyokuwa akiimeza anapojisikia vibaya tu, sasa anaimeza kila siku. Kilichobadilika zaidi ni kwamba kwenye benchi la kliniki amejipa cheo. Kila mgeni anaulizwa kama ameangaliwa nyuma ya jicho, si miwani, nyuma. Akisema hana wa kumsindikiza, anaambiwa yupo mkwe wangu, ana duka Ngamiani. Sasa wanakuja dukani wazee nisiowajua, wananitolea karatasi zilizokunjwa mara nne, na ninawapeleka, kwa sababu siwezi kumwambia mzee aliyekuja na karatasi hiyo akaikunje tena.

Tarehe yake ya kurudi imeangukia siku ya harusi ya binti wa Redio Mbao. Kadi zimeshachapishwa, ukumbi umelipiwa, na mpishi mkuu ni yeye. Hakimu amependekeza twende kuomba tarehe nyingine hospitali. Bi Halua amekataa katakata: harusi ndiyo isogezwe. Redio Mbao amekuja mara tatu wiki hii kulia, na Katibu ameiandika tarehe ya macho kwa chaki ukutani, herufi kubwa, juu kabisa ambapo Redio Mbao hafiki kuifuta.